Wimbo wa Kuruka Mtaro

Mimi napuliza tarumbeta. Watu wakiniona nakatiza Kariakoo na hijabu yangu na begi jeusi begani hudhani nauza mikoba, na wapo walioniita wakauliza bei. Nikiwaambia ndani kuna tarumbeta wanacheka. Nikilitoa wanaacha kucheka. Nikilipuliza wanacheka tena, ila sasa ni kicheko kingine, cha mtu aliyefurahi. Shule niliishia kidato cha pili. Cheti cha muziki sina, wala cha kitu kingine chochote. Nina mapafu.

Mapafu hayo aliyeyatetea ni shangazi yangu. Siku niliposema nataka kujiunga na bendi ya matarumbeta ya pale Ilala, baba alisimama katikati ya ukumbi akasema mtoto wa kike hawezi kupanda nyuma ya kirikuu na wanaume akaenda kupuliza kwenye harusi za watu, ukoo mzima utasemwa. Kirikuu ni kale kagari kadogo ka mizigo kanakotangulia mbele ya gari la bibi harusi, sisi tumesimama nyuma tunapiga. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa amekaa kwenye kibao anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Mapafu ni yake," akasema. "Au ulitaka akuazime wewe?"

Baba akakaa chini. Kwa shangazi sote tulikuwa tunashindwa.

Yeye alikuwa mpishi wa shughuli. Pilau la harusi, la hitima, la maulidi, kuanzia mtaa wetu nyuma ya soko mpaka Magomeni, sufuria zake zilifika. Tuliishi naye kwenye nyumba ya urithi, ya vyumba sita na ukumbi katikati, moja ya zile chache ambazo maghorofa bado hayajazimeza. Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza, na mbele ya baraza kulikuwa na mtaro.

Huo mtaro lazima niueleze. Ulikuwa wazi, mpana kidogo kuliko hatua ya mtu mzima, na ulipita mbele ya kila mlango wa upande wetu. Ukitoka nyumbani, unaruka. Ukirudi, unaruka. Wageni tuliwapigia kelele, "Angalia mtaro!" kabla hata ya "Karibu." Mvua ikinyesha ulijaa ukachanganyika na barabara, usijue kipi ni kipi. Tulishauzoea.

Siku moja alikuwa anatoka bibi harusi, mtoto wa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Bendi yetu ndiyo iliyokuwa inapiga, na mimi nilikuwa juu ya kirikuu naona kila kitu. Akina mama walikuwa wanapiga vigelegele, yeye kainamisha kichwa kama bibi harusi anavyotakiwa, haoni mbele. Mguu wa kulia ukaingia mtaroni mpaka kwenye goti. Hina ya siku mbili, gauni, kila kitu.

Bendi haikatishi wimbo katikati, hiyo ni sheria yetu. Kwa hiyo tuliendelea kupiga huku yule dada analia. Shangazi aliacha sufuria, akaja na ndoo ya maji na sabuni, akakaa chini kwenye vumbi na doti yake mpya ya kanga, akauweka ule mguu mapajani mwake akauosha taratibu, kidole kwa kidole, anamwambia maneno ambayo mimi sikuyasikia. Bibi harusi akacheka. Akapandishwa gari.

Jioni shangazi akasema, "Mimi nagombea uenyekiti wa mtaa."

Baba akadhani ni utani. "Kwa ajili ya mguu mmoja?"

"Kwani wewe miguu mingapi ikuridhishe?"

Sasa, kwetu mtu hagombei hivihivi kwa kuwa tu anataka. Lazima chama kikuteue, ndipo jina lako liingie. Shangazi alikuwa na kadi ya chama kikubwa tangu ujana wake. Alikuwa amewapikia mikutano yao mingi mpaka wenyewe wakawa wanamwita mama wa chama. Akaenda kwenye kura za maoni za tawi, wenyewe kwa wenyewe, na akashindwa. Aliyemshinda alikuwa jirani yetu wa mbele, mzee wa Kiarabu mwenye duka la vyombo vya plastiki. Walizaliwa mtaa mmoja, wakacheza pamoja, na kila asubuhi walisalimiana kwa kutaniana. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila duka lake lilikuwa upande wa pili, kwenye kivuli, na upande wa pili haukuwa na mtaro.

Nilifikiri shangazi ataishia hapo. Nilimwonea huruma nikamletea kahawa na kashata. Akala kashata, akanywa kahawa, akaingia chumbani, akatoka na ile kadi ameifunga kwenye kipande cha kanga kama mtu anayerudisha posa. Akavuka barabara akaikabidhi kwa mzee mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa kiongozi wa tawi.

"Jirani, kadi yenu hii. Sina ugomvi na mtu."

"Unakwenda wapi, bibi wewe?"

"Nakwenda kutafuta chama chenye nafasi."

Chama chenye nafasi kilikuwa kwenye karakana ya fundi wa vyerehani. Kilikuwa na bendera iliyopauka mpaka usingeweza kujua mwanzo ilikuwa rangi gani, na katibu ambaye ndiye huyo huyo fundi. Alipomwona shangazi anaingia alidhani kaleta cherehani. Aliposikia anataka kugombea, alisimama, akafuta mafuta mikononi, akamshika mkono kwa mikono miwili. Mimi nilikuwepo. Ile heshima sitaisahau. Chama kikubwa kilikuwa na watu wengi kiasi cha kumchoka mtu kama shangazi. Hiki kilimpokea kama mtu aliyengojewa muda mrefu. Ndipo nikaelewa kwa nini vyama vinatakiwa kuwa vingi. Mlango mmoja ukifungwa, mtu asilazimike kurudi nyumbani kukaa kimya.

Lakini kampeni zilipoanza, ilikuwa kichekesho. Wenzetu walikuwa na spika za kutikisa madirisha. Sisi tulikuwa na shangazi, fundi na ile bendera. Mtu akipita alikuwa anauliza, "Chama chenu hicho kinaenea kwenye bajaji moja?"

"Kinabaki na nafasi ya kukupakia wewe," shangazi anamjibu.

Usiku, hata hivyo, nilimsikia anageuka geuka kitandani. Alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, kwamba mtaa hautamsikia, kwamba atasema habari ya mtaro na watu watasikia kelele za mwanamke mpishi aliyekosa nafasi kule akakimbilia huku. Aliniambia hivyo mwenyewe tukiwa tunamenya vitunguu saumu. "Kushindwa nitashindwa, mwanangu. Kutosikiwa ndiko kunakonitisha."

Ningemsaidiaje? Bendi haina chama. Kiongozi wetu, ambaye sote tunamwita Kepteni, ni mkali kwenye hilo. Msimu wa kampeni tunapigia chama chochote kinachokuja kwanza, kama ilivyo kwa harusi. Tunavaa sare zetu nyekundu zenye vifungo vya dhahabu, na kofia ya chama haipandi kirikuu. Tumepigia hawa asubuhi na wale jioni. Nilikuwa naipenda kazi hiyo kuliko harusi, wallahi. Kule juu unauona mji vizuri. Unamwona anayepunga mkono, anayefunga mlango, na yule bibi anayecheza kwa vyama vyote bila ubaguzi. Nilikuwa nasimama pale najisikia mtu mkubwa, kwamba watu hawa wote wanagombana kwa maneno na mimi ndiye ninayewatilia muziki.

Kwa hiyo kwa bendi nisingeweza kumsaidia shangazi. Lakini jioni, nikiwa nimeshavua sare, baraza ni letu na mapafu ni yangu.

Nikamtungia wimbo. Sikuwa nimewahi kutunga, nilikuwa naota tu. Naota hata sasa, kwamba siku moja uwanja mzima wa taifa utasimama kwa wimbo wangu. Nilikaa barazani nikawatazama watu wanavyotoka majumbani mwao. Hatua, hatua, hatua, wanaruka. Hatua, hatua, hatua, wanaruka. Nikapuliza hivyo hivyo. Sauti tatu zinazotembea, halafu kimya, pumzi moja, halafu sauti ya juu ya mtu aliyetua salama. Kile kimya ndicho kilikuwa mtaro.

Watoto walidaka papo hapo. Wakaleta ndoo na madebe, wakawa wanaruka kila kimya kinapofika. Shangazi naye akaweka maneno, mepesi, ya watoto kuimba:

Nenda, nenda, nenda... ruka!
Mtaro huu wa nani? Ruka!

Ndani ya wiki moja watoto waliimba wakienda madrasa, wakirudi shule, wakitumwa chumvi. Wabeba mizigo wa sokoni wakaanza kuupiga mluzi wakisukuma mikokoteni. Ulitoka mtaani kwetu ukaenda zake.

Alasiri ya mwisho ya kampeni, bendi ilikuwa imechukuliwa na chama kikubwa. Kilitangulia kuja, basi. Nilivaa sare yangu nikapanda kirikuu na roho nzito, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kupita mtaani kwetu, mbele ya shangazi yangu, nikimpulizia mpinzani wake. Shangazi aliniona ninavyofunga vifungo taratibu. Akanifungia vya juu mwenyewe.

"Kazi ni kazi. Usinipulizie kilegevu ukaniaibisha."

Mzee alikuwa amekaa mbele na dereva, kanzu nyeupe pee. Nyuma, pamoja nasi, alipanda kijana wa hamasa na kipaza sauti chake. Huyu alikuwa ameletwa kutoka Magomeni, mtaa wetu hakuujua kabisa. Tulipokaribia kona akamgeukia Kepteni.

"Kepteni, hizi nyimbo zenu za leo zimepoa. Pigeni ule unaovuma, bwana, ule wa watoto. Ule wanaruka."

Kepteni akamtazama. "Ule wa kuruka?"

"Huo huo! Nimeusikia sokoni, moto kabisa. Hapa tutaua!"

Sasa kwenye kazi yetu kuna mambo mawili. Mteja ndiye anayechagua wimbo, na wimbo mpya haupigwi bila mtunzi kuruhusu. Kepteni alijua wimbo ni wa nani na unatoka baraza gani. Bendi nzima ilijua. Mpiga tromboni alikuwa ameinamia tromboni yake, mabega yanamtikisika. Kepteni akanigeukia, uso mkavu kama wa hakimu.

"Mteja kaomba. Mtunzi, unaruhusu?"

Niliruhusu kabla hajamaliza kuuliza.

Nikanyanyua tarumbeta. Hatua, hatua, hatua, kimya. Ngoma kubwa ikatua. Tukaingia mtaani kwetu tukiwa na matarumbeta, tromboni, ngoma na spika za kutikisa madirisha, na wimbo wa shangazi yangu ukitoka kwenye gari la chama kikubwa. Watu wakatoka majumbani. Mwanzo walishangaa, wakatazamana. Halafu watoto wakaanza kuimba na mtaa mzima ukafuata, wenye kadi hii na wenye kadi ile, wenye fulana za chama kikubwa ndio waliokuwa mbele: *Mtaro huu wa nani? Ruka!* Kila kimya kilipofika, mtaa wote uliruka. Kijana wa hamasa alikuwa anaruka kuliko wote, anapiga kelele, "Mnaona! Mnaona!"

Nilimtafuta shangazi kwa macho. Alikuwa amesimama barazani na mwiko mkononi, mdomo wazi. Halafu akaufunika mdomo kwa upande wa kanga na nikaona mabega yake. Sikujua kama anacheka au analia, na nilipomuuliza baadaye alisema hata yeye hakujua.

Gari likasimama mbele ya nyumba yetu kwa sababu halikuwa na pa kupita. Mzee akateremsha kioo. Yeye alijua wimbo ni wa nani, uso ulikuwa umemwiva.

"Jirani!" akaita. "Umeniteka gari langu!"

"Nimeliteka na nini, na mwiko huu?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akavua kofia akajipepea. Kisha shangazi akanyoosha mwiko kuelekea mtaroni, akasema kwa sauti ya kawaida tu, ile ya kuwaambia watu chakula kiko tayari: "Hayo ndiyo ninayoyasema. Basi. Atakayeshinda, ayafanye." Spika zilikuwa zimezimwa. Mtaa mzima ulimsikia.

Alishinda mzee.

Matokeo yalipobandikwa shangazi alikwenda kuyasoma mwenyewe, akavuka barabara akampa mkono mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimejificha jikoni nalia kwenye gunia la mkaa. Akanikuta hapo.

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi nipe huo mkaa, nina pilau la watu."

Siku chache baadaye mzee akaichukua bendi tena, safari hii kupita kuwashukuru wapiga kura. Akasimama karibu na kirikuu, kanzu ile ile nyeupe, akamwambia Kepteni kwa furaha, "Tupigieni ule wa kuruka. Watu wangu wanaupenda."

Kepteni akanigeukia, uso ule ule mkavu. "Mtunzi?"

Nilimpenda yule mzee, na nilimwamkia shikamoo kwanza. Akaniitikia marahaba, mwanangu. Kisha nikasema, "Babu, ule nimeshampa shangazi. Sasa ni wake. Muulize yeye."

Shangazi alikuwa amesimama barazani. Mzee akavuka. Alipofika kwenye mtaro akasita, kwa sababu hakuwa amezoea upande wetu na kanzu ilikuwa nyeupe. Akaipandisha, akaruka. Mtu mmoja nyuma akatoa sauti ya tarumbeta kwa mdomo.

"Jirani," akasema akihema kidogo, "niazime wimbo."

"Siuazimi," shangazi akajibu. "Nautoa kabisa, uwe wako na wa chama chako, hata mkitaka mwende nao mikutanoni. Ila kwanza ufunikwe huu uliouruka sasa hivi."

"Mbele za watu unanifanyia hivi?"

"Umeomba mbele za watu."

Mzee alitazama mtaro. Akatazama pindo la kanzu yake. Akasema, "Sawa," kwa sauti ndogo, na watu wakasema, "Hatujasikia!" Akasema tena kwa sauti kubwa.

Siwezi kusema ilikuwa rahisi. Masika ikaja ikapita, na mtaro ukajaa kama kawaida yake. Lakini katibu fundi alikuwa akihudhuria kila mkutano wa mtaa na bendera yake iliyopauka, anakaa mbele, ananyoosha mkono, anauliza swali lile lile. Watoto nao kila wakipita mbele ya duka la plastiki walikuwa wanatembea hatua tatu wanaruka, bila kusema neno, wanaendelea na safari yao. Mzee akawa anawafukuza kwa ufagio huku anacheka. Bendi ilipita pale kwa harusi nyingi na kampeni za vyama vingine, na kila mtu akiomba wimbo ule Kepteni alijibu kwamba una mwenyewe, na bado hajaruhusu. Nilijiona tajiri. Msichana wa kidato cha pili, wimbo wake unangojewa na mwenyekiti!

Asubuhi moja nikaamshwa na kelele za chuma. Mafundi walikuwa wanashusha mifuniko ya zege, mizito, wanaipanga mbele ya mlango mmoja baada ya mwingine. Mzee alikuwa amesimama katikati yao anaelekeza kama vile zege hilo kalichanganya yeye. Shangazi akatoka na chupa ya chai na vikombe, akawapa mafundi kwanza, kisha mzee. Mzee na shangazi walikunywa wamesimama juu ya mfuniko, watu wawili wa vyama viwili, wanabishana kama umelala sawa au umeinama upande.

"Umeinama," shangazi akasema.

"Wewe ndiye umeinama, bibi wewe. Nipe wimbo wangu."

Shangazi akanigeukia. "Haya, mpe."

Sikuwa na sare, nilikuwa na dera la kulalia na mtandio. Nikaingia ndani mbio nikatoka na tarumbeta. Yule dada aliyekuwa bibi harusi alikuwa amekuja kwao kusalimia, na mtoto mgongoni. Akasimama kwenye zege jipya miguu yote miwili. Nikapuliza. Hatua, hatua, hatua, kikaja kile kimya, na mtaa mzima ukaruka, mafundi, mzee na kanzu yake, shangazi na chupa ya chai. Waliruka juu ya kitu ambacho hakikuwepo tena, wakatua salama.